Mshika mbili: bima, bodi ya hospitali na safu niliyoiongeza mimi

Najua niliahidi sehemu ya tatu ya somo letu la hifadhidata na bado hamjaiona. Haijapotea. Nimekuwa nyumbani Isiolo majuma matatu sasa kwa shughuli ya familia, na shughuli yenyewe imenirudisha kwenye kazi niliyoifanya miaka mitatu iliyopita, ambayo sijawahi kuigusa hapa. Leo nitaigusa. Majedwali yatakuwemo, msihofu, ila safari hii jedwali ni la kweli na lilimlaza mtoto kitandani siku mbili akisubiri.

Nianze na mtoto. Binamu yangu (humwita kaka, maana ni mkubwa kwangu) ni dereva wa kampuni moja ya usafirishaji. Kampuni imewakatia wafanyakazi wake bima ya afya ya binafsi, na bima hiyo inamhudumia yeye, mkewe na watoto wao. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa amepakiwa kwenye bodaboda akitoka madrasa. Bodaboda ikateleza kwenye changarawe kando ya barabara ya Moyale, na mtoto akavunjika mfupa wa paja. Wakamkimbiza kwenye hospitali moja ya binafsi upande wa mlimani, mwendo wa kama saa moja kwa gari.

Madaktari walimpokea vizuri. Walimpa dawa ya maumivu, wakamfunga mguu, wakampiga picha. Kisha wakasema upasuaji wa kuunga mfupa unahitaji idhini ya bima kwanza. Idhini ikaombwa Jumatatu jioni. Jumanne kimya. Jumatano mchana mtu wa ofisi ya malipo akamwambia kaka kwa upole: kama mnataka mtoto aingie chumba cha upasuaji leo, wekeni amana, bima ikijibu mtarudishiwa.

Shangazi yangu huuza maziwa ya ngamia, yale yanayopakiwa kwenye basi la alfajiri kwenda Eastleigh. Pesa taslimu hakuwa nazo. Aliuza mbuzi sokoni kwa bei ya shida, na mliokulia huku mnajua bei ya shida ni ipi: mnunuzi akishaona macho yako mekundu, mbuzi amepoteza nusu ya thamani. Mtoto akapasuliwa Jumatano usiku. Idhini ikafika Alhamisi asubuhi. Alhamdulillahi, anaendelea vizuri, na sasa anatembea kwa magongo akijiona shujaa.

Tulipokaa kunywa chai, kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Mmoja alilaumu hospitali, mwingine bima, mwingine mtandao. Mimi nilikuwa kimya. Nilikuwa na shaka kwamba najua kilichotokea, kwa sababu programu inayotoa idhini zile niliiandika mimi.

SAFU INAYOITWA MSHIRIKA

Nilipomaliza shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, nilipata kazi katika kampuni ndogo ya programu jijini Nairobi. Sitaitaja, wala sitaitaja kampuni ya bima iliyokuwa mteja wetu. Nitakachoeleza si lazima kiwe kosa la jinai, na kama mtakavyoona, jina si kitu muhimu hapa.

Kazi yetu ilikuwa kuunda mfumo wa idhini za matibabu. Hospitali inatuma ombi: mgonjwa fulani, ugonjwa fulani, gharama hii. Ombi linaingia kwenye foleni. Daktari aliyeajiriwa na bima analisoma, analinganisha na mkataba wa mwanachama, kisha anakubali, anakataa au anauliza swali. Kila hospitali ilikuwa na mstari wake katika jedwali: jina, kaunti, ngazi, namba ya akaunti, bei walizokubaliana.

Wiki mbili kabla ya kuzindua, meneja mmoja wa juu wa bima alituandikia barua pepe akitaka tuongeze safu moja kwenye jedwali lile. Iitwe "mshirika", thamani yake iwe 1 au 0. Sheria yake ilikuwa fupi. Nikiiandika kwa Kiswahili ni hivi:

kama mshirika = 1 na gharama haizidi 300000: idhinisha papo hapo
la sivyo: peleka kwenye foleni ya daktari

Sababu aliyotoa ni kuharakisha huduma. Ilinipendeza! Nani anapenda foleni? Nikaongeza safu kabla ya chakula cha mchana. Thamani ya kuanzia, yaani ile inayopewa hospitali yoyote ambayo hakuna aliyesema lolote juu yake, niliiweka sifuri. Hilo niliamua mimi mwenyewe, bila kuulizwa. Orodha ya wenye moja ikaja baadaye: hospitali tatu.

Siku chache baadaye nilikuwa natafuta nembo za hospitali ili niziweke kwenye ukurasa wa wanachama. Nikafungua tovuti ya mojawapo ya zile tatu, na kwenye ukurasa wa bodi ya wakurugenzi nikaona sura ninayoijua. Ni yule meneja, ametabasamu, tai ya buluu. Chini ya picha imeandikwa kwamba yeye ni mjumbe wa bodi na mwenyekiti wa kamati ya fedha.

Nilimwonyesha msimamizi wangu. Akaangalia skrini, akaniangalia, akasema: "Iko kwenye tovuti, kwa hivyo si siri. Wewe andika programu. Mambo ya bodi si yetu." Nikarudi kwenye meza yangu. Mwaka uliofuata nilihama kazi, nikasahau. Au nilijiambia nimesahau.

Juma lililopita nilimpigia simu mwenzangu mmoja wa zamani. Nilimwuliza swali moja tu: ile safu bado ipo? Akacheka. Bado ipo. Hospitali zenye moja sasa ni tano. Ile aliyolazwa mtoto wetu haimo.

KWANI UBAYA UKO WAPI?

Hapa nataka twende polepole, kwa sababu watu wengi wakisikia "mgongano wa maslahi" wanafikiri ni jina la heshima la wizi. Siyo. Mtu anaweza kuwa na mgongano wa maslahi asiibe hata shilingi moja maisha yake yote. Mgongano ni hali: una wajibu mbili, na unapoutimiza mmoja vizuri unauumiza mwingine.

Hospitali na bima ni muuzaji na mnunuzi. Hospitali ingependa bei ipande na malipo yaje haraka. Bima ingependa bei ishuke, na ikichelewesha malipo kidogo pesa zinabaki kwake zikizaa riba. Katikati ya mvutano huo ndipo bei ya haki hupatikana, kama pale sokoni kwetu mwenye ngamia na mchuuzi wanavyovutana. Sasa fikiria mtu mmoja amekaa pande zote mbili za meza. Asubuhi, kwenye bima, anajua kiwango cha juu kabisa ambacho bima iko tayari kulipa kwa upasuaji wa paja. Jioni, kwenye kamati ya fedha ya hospitali, wanapanga bei ya upasuaji wa paja. Hata akinyamaza kabisa, ukimya wake nao una habari ndani yake. Akikunja uso bei inapotajwa, wenzake wameshaelewa.

Kuna bei, kuna siri, na kuna kitu cha tatu ambacho sisi wa kompyuta tunakijua kuliko mawakili: foleni. Ukimpa mmoja njia ya haraka, hujawaondoa wengine kwenye foleni. Daktari mkaguzi ni yuleyule, saa zake ni zilezile. Na kama hospitali iliyo nje ya orodha inachelewa siku mbili kila mara, wagonjwa wenye bima ile wataanza kwenda penye wepesi. Baada ya miaka michache hospitali ya mkurugenzi imejaa, na nyingine inalalamika kwamba biashara imekuwa ngumu. Hakuna aliyeamuru hivyo. Ni jedwali tu linafanya kazi yake.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kwenye bodi nimeona mshika mbili asiyeponyokwa na chochote. Aliyeponyokwa ni shangazi yangu, na alichoponyokwa nacho ni mbuzi.

UPANDE WA PILI WA HOJA

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Kuna hoja nzuri ya kumweka mtu wa bima kwenye bodi ya hospitali. Bodi nyingi zimejaa madaktari na wazee wa heshima wasiojua kusoma mizania ya hesabu. Mtu wa bima anajua gharama, anajua hospitali nyingine zinafanyaje, anaweza kuikataza hospitali kununua mashine ya mamilioni ambayo haitatumika.

Na kihistoria bima na hospitali ni ndugu wa tumbo moja. Kule Marekani, mwaka 1929, hospitali ya Baylor mjini Dallas ilianza mpango ambapo walimu walilipa senti 50 kwa mwezi ili wakiugua wapate hadi siku 21 za kulazwa. Mpango huo ndio chanzo cha Blue Cross. Yaani hospitali ndiyo iliyoizaa bima, ili vitanda vyake visikae vitupu wakati wa shida ya uchumi. Alama ya Blue Cross yenyewe iliendelea kuwa mikononi mwa chama cha hospitali za Marekani hadi mwaka 1972. Miaka yote hiyo muuzaji alikuwa na sauti katika nyumba ya mnunuzi, na wakosoaji walisema ndiyo maana mnunuzi hakuwa mkali juu ya bei.

Hapa kwetu pia undugu huu si mgeni. AAR ilianza mwaka 1984 kama huduma ya ndege za kuokoa wagonjwa, ikaja kuwa na zahanati na bima chini ya jina lilelile. Leo bima na zahanati ni kampuni tofauti. Jubilee ilianzishwa Mombasa mwaka 1937, na mwanahisa wake mkubwa ni mfuko wa AKFED, ulio ndani ya mtandao uleule wa Aga Khan unaoendesha hospitali za Aga Khan. Nawataja kwa sababu ni habari za wazi ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Si wao ninaowazungumzia katika kisa changu, wala sisemi kuna ubaya walioufanya. Ninachosema ni kwamba kamba kati ya bima na hospitali ni ya zamani na ni ya kawaida, kwa hivyo swali la maana ni nani anaishika kamba hiyo na nani anamwangalia anapoishika.

SERIKALI NAYO

Kuna msomaji anasema: hayo ni ya bima za matajiri, sisi tuko SHA. Haya, twende huko.

NHIF ilianzishwa mwaka 1966 ikiwa ndani ya Wizara ya Afya, kisha sheria ya 1998 ikaifanya shirika linalojitegemea. Tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, chini ya sheria iliyotiwa saini Oktoba 2023. Mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mapato yake, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi.

Sasa angalia nani anakaa wapi. Sheria ya Mashirika ya Serikali inaweka Katibu wa Wizara husika kwenye bodi ya kila shirika lililo chini ya wizara yake. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ni shirika la namna hiyo tangu 1987. Na sheria ya SHA nayo inamweka Katibu wa Afya kwenye bodi ya SHA. Kwa hivyo ofisi moja ina kiti kwenye bodi ya anayelipa na kiti kwenye bodi ya anayelipwa. Hii haikufichwa, imeandikwa kwenye sheria. Wala Katibu hafaidiki binafsi: kiti ni cha ofisi, na akihama anakiacha. Lakini wajibu mbili zipo palepale. Siku SHA inapokuwa na pesa kidogo na hospitali zote zinadai, yule aliye kwenye bodi zote mbili atasema nini? Na hospitali ya misheni huko mashambani, isiyo na kiti popote, itasemewa na nani?

Swali la nani yuko nyuma ya mlango limewahi kufika hadi bungeni. Mwaka 2012 wabunge walichunguza malipo ya NHIF kwa zahanati za binafsi chini ya mpango wa matibabu wa watumishi wa umma, na swali lililowatoa jasho halikuwa la kiasi tu. Lilikuwa: zahanati hizi ni za nani hasa?

Mfano wa karibu zaidi na kazi yetu ni wa mwaka 2025. Mwezi Machi ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ilizungumzia mfumo wa kompyuta wa SHA, wa gharama ya shilingi bilioni 104.8, na kusema kwamba umiliki wa mfumo hauko kwa serikali, na kwamba mtoa huduma anapata malipo yake kutokana na asilimia ya michango na asilimia ya madai ya hospitali. Soma tena sentensi hiyo kama mwandishi wa programu. Mashine inayopitisha madai inalipwa kulingana na madai. Sisemi mtu amefanya hila. Nasema kama mwanafunzi wangu angeniletea mchoro wa mfumo wa namna hiyo, ningemrudishia na wino mwekundu.

Kwa upande mwingine, sisi wa Isiolo tuliwahi kuonja kitu tofauti. Desemba 2018 serikali ilizindua majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Kwetu ilichaguliwa kwa sababu ya wafugaji wanaohamahama na akina mama waliokuwa wakifa kwa uzazi. Nilikuwa chuoni wakati huo. Ada ziliondolewa katika hospitali za umma za kaunti, na pesa za mpango zilikwenda kwenye dawa na huduma badala ya kusubiri mgonjwa adaiwe. Nikiwa likizoni nilimsindikiza mama hospitali, na jambo lililonishangaza ni kwamba hatukusubiri idhini ya mtu yeyote. Yalikuwa majaribio na yaliisha. Lakini tangu siku ile najua kwamba foleni ya idhini si sheria ya maumbile kama mvua. Ni kitu kilichoundwa na watu, na watu wakitaka wanaweza kukiunda upya.

TUNACHOJUA SISI WA KOMPYUTA

Mtu akiniuliza dawa ni nini, siwezi kujibu kama mwanasheria. Sheria zipo. Ibara ya 75 ya Katiba ya 2010 inamtaka afisa wa serikali aepuke mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma. Sheria ya Kampuni ya 2015 inawataka wakurugenzi wa kampuni za binafsi wauepuke pia, na watangaze wanapokuwa na maslahi. Julai 2025 Rais alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, inayowahusu maafisa wa umma. Karatasi hatukosi.

Shida ni kwamba karatasi nyingi zinaishia kwenye neno "kutangaza". Meneja wangu wa tai ya buluu alitangaza! Picha yake ilikuwa kwenye tovuti. Naamini hata kumbukumbu za vikao zinaonyesha alisema "ndugu wajumbe, mimi pia niko kule". Kisha akabaki kitini. Na kule kwenye hifadhidata, mahali uamuzi wenyewe ulipokuwa, tangazo lake halikuwa na safu.

Katika kazi yetu tuna desturi moja rahisi. Ukiandika msimbo, huupitishi mwenyewe. Mwenzako anausoma kwanza, ndipo unaingia kwenye mfumo. Hata uwe mwandishi bora kuliko wote ofisini, hata uwe bosi. Hatufanyi hivyo kwa kuwa tunashukiana. Tunafanya kwa kuwa kila mtu haoni kisogo chake. Kila badiliko lina jina la aliyelileta, tarehe na sababu, na miaka mitano baadaye unaweza kurudi nyuma ukaona nani aligeuza sifuri kuwa moja.

Kwa hivyo kama ningepewa kuandika mfumo ule upya, ningefanya mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kompyuta ya ajabu.

Kwanza, jedwali la maslahi. Kila mwenye mamlaka ya kuidhinisha au kubadilisha bei anaandikwa humo pamoja na hospitali anazohusika nazo: bodi, hisa, mke, mume, ndugu. Liwe jedwali la kweli ambalo programu inaweza kulisoma, kwa sababu faili la karatasi kabatini haliwezi kumzuia mtu kubofya.

Pili, mfumo ukatae wenyewe. Mwenye maslahi akijaribu kugusa mstari wa hospitali yake, kitufe kisifanye kazi, uamuzi uende kwa mwingine. Hii ndiyo maana ya kujiondoa: kutoka chumbani, na mlango ufungwe nyuma yako.

Tatu, upendeleo wowote uwe na sababu, jina na tarehe ya mwisho. Kama hospitali inastahili njia ya haraka kwa kuwa madai yake ni safi mwaka mzima, vizuri sana, iandikwe hivyo, na hospitali nyingine yoyote ikifikia kipimo hicho ipate vilevile. Ikipita miezi sita bila kupitiwa upya, moja irudi kuwa sifuri yenyewe.

Nne, muda wa kusubiri uchapishwe, hospitali kwa hospitali. Usipopima foleni, kila mtu atakwambia ni mtandao.

Mwandishi wa programu mwenye bidii anaweza kuyafanya yote hayo kwa wiki mbili. Mimi nilikuwa na wiki mbili kamili kabla ya kuzindua. Nilizitumia kupanga nembo.

NILIPOMWAMBIA KAKA

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tukiwa nje tumekaa kwenye mkeka, nilimweleza kaka kila kitu. Safu, moja na sifuri, picha ya kwenye tovuti, simu niliyopiga. Alisikiliza bila kunikatiza, kama wanavyosikiliza watu wanaoendesha lori usiku. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hivyo ile foleni ni wewe."

Nilianza kujitetea: niliagizwa, nilikuwa mgeni kazini, msimamizi alisema. Akainua mkono. "Sikukulaumu. Nimeuliza tu."

Asubuhi yake tuliandika barua mbili pamoja, yeye kama mwanachama na mimi kama niliyeuandika mfumo. Moja imekwenda kwa kampuni ya bima ikiuliza kwa maandishi ni kigezo gani kinaipa hospitali idhini ya papo hapo. Nyingine imekwenda kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Shangazi alitaka tuongeze bei ya mbuzi wake. Tumeiongeza, bei ya sokoni, siyo bei ya shida.

Nawe msomaji, kama una bima ya kazini, fanya jambo moja dogo wiki hii. Fungua tovuti ya bima yako, uangalie majina ya wakurugenzi na mameneja wa juu. Kisha fungua tovuti za hospitali wanazokusukuma kwenda, uangalie bodi zao. Ukikuta jina moja pande zote mbili, usipige kelele za mwizi. Mwulize anayeshughulikia bima ofisini kwenu, kwa maandishi: mtu huyu hutoka chumbani lini? Na kama wewe ni mwandishi wa programu na umeombwa kuongeza safu, uliza kabla ya chakula cha mchana ni ya nini, na thamani ya kuanzia itamlaza nani.

Sehemu ya tatu ya somo la hifadhidata inakuja wiki ijayo nikirudi Nairobi. Itahusu thamani za kuanzia. Kazi njema.